Nilifuta picha ya mtoto wa jirani nikidhani naipa simu kasi

Wakuu, heshima kwenu. Leo nawaletea ujinga wangu mwenyewe, sijaazima kwa mtu: nilifuta picha ya pekee ya kijana wa jirani nikiamini simu itapata kasi. Anayebisha aje Kalemie aulize avenue yetu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu anasema hata kuku wetu wametembea kuliko mimi. Nilimaliza sekondari, nikakaa.

Miaka ya vita, watu wakiingia mjini na magodoro kichwani, mimi nilikuwa nimeshafika: barazani, kwenye kiti changu.

Ukaaji huo ukanipa kazi. Nilikuwa na smartphone, zile za mwanzo mwanzo, majirani wengi wana simu za tochi. Na kwa kuwa sitoki, simu yangu inapatikana saa yoyote. Basi kila aliyepotelewa na mtu akaleta sura ikae kwangu. Wakimbizi wapya wakifika, mtu anakuja: "Papa Rama, toa simu, tuwaonyeshe."

Nikawa albamu ya avenue nzima. Nilijiona waziri.

Mama Feza, tunayegawana naye ukuta, alikuwa na picha moja tu humo. Kijana wake Amisi, amesimama na baiskeli iliyofungwa magunia ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, asubuhi aliyoondoka kwenda kuuza upande wa Nyunzu. Niliipiga mimi, bila kuinuka kwenye kiti.

Njia ikafungwa na mapigano. Amisi hakurudi.

Sasa simu yenyewe. Ilikuwa inaganda. Unabonyeza, unaenda kunywa chai, unarudi, bado inafikiri.

Nikanunua memory card kubwa, nikaipachika, nikasubiri simu ikimbie. Wapi! Ila nikajipa moyo kwamba picha zote zimeshahamia zenyewe kwenye kadi, kama familia iliyopata nyumba kubwa.

Sikuangalia.

Siku moja mjomba wake Amisi akapiga kutoka Kongolo. Kuna wanaume wametoka porini, kesho asubuhi wanavuka daraja waende zao. Njiani waliacha wagonjwa, mmoja kijiji hiki, mwingine kile. Majina hawayajui.

"Tuma picha ya mutoto leo leo," akasema. "Wakimutambua, watatuambia walimuacha wapi, tumufuate."

Yeye mwenyewe mara ya mwisho kumuona Amisi, mtoto alikuwa anatambaa.

Mama Feza akaja mbio, unga bado mikononi. Nikafungua WhatsApp, ikaganda. Nikafungua picha, zikaganda.

"Harakisha, Papa Rama!"

"Tulia, Mama. Simu imebeba vitu vingi. Naipunguzia muzigo."

Nikafuta picha zote zilizokuwa ndani ya simu. Zote, nikiamini zilizobaki humo ni nakala tu, zenyewe ziko kwenye kadi. Kisha nikafungua kadi.

Tupu.

Na simu bado inaganda, wakuu. Maana nyuma yake kulikuwa na game yangu ya karata, redio, matokeo ya mpira na app mbili za "kusafisha simu", vyote viko wazi tangu nilipoamka.

Tukampigia mjomba, Mama Feza akamweleza kwa mdomo jinsi mwanawe alivyo: mrefu, mwembamba, ana baiskeli. Wale wanaume wakajibu kwamba njia nzima ilikuwa na vijana warefu, wembamba, wenye baiskeli.

Asubuhi wakavuka.

Mpaka leo hatujui Amisi yuko wapi. Mama Feza hajaweka matanga. Nguo za kijana bado anazifua na kuzianika, naziona kutoka kwenye kiti changu.

Kuelewa nilikuja kuelewa baadaye sana, nikisoma humu humu uzi wa mtu analalamikia simu yake.

Storage ni chumba cha nyuma unakoweka magunia. RAM ni meza ya sokoni unapopanga ndagala unazouza sasa hivi. Meza ikijaa, hata ukichoma magunia yote chumbani, haipati nafasi. Na kadi? Kadi inaongeza chumba, haiongezi meza, wala haikuhamishii gunia hata moja usipolibeba mwenyewe.

Dawa ilikuwa kufunga zile app. Au kuzima simu na kuwasha.

Kuzima na kuwasha, wakuu.

Kwa hiyo kabla hujafuta kitu, fungua nakala uione kwa macho yako. Na kama humu kuna anayejua kurudisha picha iliyofutwa miaka hiyo, simu bado ninayo, aseme. Wanaotaka kunitukana nao waje, nipo, siendi popote.

Juzi nilimweleza Mama Feza habari hiyo ya chumba na meza, nikidhani namfariji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kamba ya nguo mkononi, kisha akaniambia:

"Ulifuta mutoto wangu juu ya simu yako ikimbie. Haya, inakimbia?"