Walisema Nimekunywa Sumu, Nami Nilikuwa Nimekula Nyama Iliyolala

Admin, nashukuru kwa kunifichia jina. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, mtoto wa wakulima wa kahawa huku Ihanda, Mbozi. Nilimaliza kidato cha nne, kazi sina, niko nyumbani. Humu ndani nawasoma kila siku ila sijawahi kuchangia hata neno. Leo naandika kwa sababu ninaoishi nao wananiangalia kutwa nzima lakini hakuna anayenisikia.

Mwaka jana nilikuwa na mchumba, kijana wa Kiislamu anayeuza mitumba Tunduma. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Nilipomweleza alisema, "Mtu wa mpakani huyo, kwao hupajui. Leo yuko Tunduma, kesho kavuka Zambia. Kwangu hapana." Nikajibu, naye akajibu, majirani wakasikia yote. Basi nikasusa kula. Mimi nikikasirika nasusa kweli kweli, wenzangu wakala ugali wao nami nikajifungia chumbani.

Kesho yake wote walikwenda shambani na njaa ikanishinda. Jikoni kulikuwa na nyama ya nguruwe tuliyofungiwa kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, imelala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ilikuwa na kaharufu, nikajifanya sikusikia. Sikuipasha hata moto. Nilikula kwa hasira mpaka nikashiba, na kabla jua halijageuka nikaanza kutapika na kuharisha hadi miguu ikakataa kunibeba. Mama aliporudi alinikuta nimelala sakafuni, na pale mlangoni kuna bomba la kupulizia kahawa dawa ya wadudu ambalo kaka aliliacha asubuhi. Alipiga yowe, watu wakajaa uani. Nilisikia mmoja akisema, "Kajinywea dawa kwa sababu ya mwanaume!" Nilitaka kumjibu ila mdomo ulikuwa na kazi nyingine.

Hospitali nilisema nimekula nyama. Nilitundikiwa maji, na siku ya kuruhusiwa daktari akamwambia baba mbele yangu, "Mzee, huyu hakunywa sumu. Ni chakula kibaya." Nikajua yameisha. Kumbe tulipofika nje baba alimwambia mama kwa sauti ya chini, "Daktari ametusitiri, Mungu ambariki. Hakutaka mambo ya polisi." Ndugu zangu, ushahidi pekee niliokuwa nao ukageuka kuwa huruma ya daktari. Nilipolia kwa uchungu wakasema, "Mwacheni, bado hajatulia."

Tangu hapo naishi kama mgeni anayelindwa. Komeo la chumba changu baba aliling'oa. Kisu kinakaa chumbani kwa mama, nikitaka kukata mchicha naomba. Dawa za kahawa zimehamishiwa kwa baba mdogo. Nikienda mashine ya kusaga, wanawake wanakatisha mazungumzo na kuniuliza nimeshindaje. Mchumba alinipigia mara moja tu, akasema, "Mimi siwezi kubeba damu ya mtu, nisamehe," na namba ile haijapatikana tena. Hata baba hanigombezi siku hizi. Naunguza mboga, ananiambia, "Hamna shida, mwanangu." Ninavyomkumbuka baba yule aliyekuwa ananifokea, siwezi kueleza.

Mwezi uliopita wakaja watu wa afya. Wanafanya utafiti kwa vijana, wanauliza habari za vyakula vinavyotuumiza matumbo na habari za vijana wanaojidhuru. Niliposikia hayo mawili yanaulizwa pamoja nilifurahi, nikaona mtu wa kunitenganishia mambo yangu amefika. Dada aliyekuja kwetu aliuliza kama nimewahi kuugua kwa sababu ya chakula. Nikamweleza ile nyama yote, hadi ndoo. Akauliza kama nimewahi kujaribu kujidhuru. Nikasema hapana. Mama alikuwa amekaa pembeni, akaingilia, "Mwanangu, mwambie dada wa watu ukweli. Hapa hakuna wa kukucheka."

Yule dada akamwomba mama atupishe kidogo. Kisha akaniuliza taratibu, "Na siku hizi, huwa yanakujia mawazo ya kutotaka kuishi?"

Nikageuka kwanza kuangalia kama mama yuko mbali. Huku kwetu walikuwa wakinisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sasa limekuja. Siku ile ya nyama sikuwa na wazo hilo hata chembe, nilikuwa na hasira na njaa tu. Lakini mwaka mzima wa kutoaminiwa, kusindikizwa hadi chooni, na kuongeleshwa kama mgonjwa umenichosha, na mawazo hayo yameanza kunijia kweli. Yule dada aliona. Hakunihukumu, aliniambia, "Usibaki nalo peke yako. Nenda zahanati ukaongee na nesi, na pale nyumbani mwambie mtu hata mmoja." Alinishika mkono kabla hajaondoka, na nilipata shida kuuachia.

Nesi wa zahanati yetu anaimba kwaya na mama. Nikimwambia nesi, au nikimwambia mama mwenyewe, najua jibu litakuwa, "Si tulisema?" Nitakuwa nimesaini kwa mdomo wangu kwamba siku ile nilikunywa, na hakuna atakayeamini tena lolote nitakalosema maishani. Nikinyamaza, nabaki na haya mawazo peke yangu, na kusema ukweli yananiogopesha.

Wapendwa, mimi sitaki kufa. Natafuta mtu mmoja tu atakayeniamini mambo mawili kwa pamoja, kwamba siku ile sikunywa kitu, na kwamba leo nahitaji msaada. Mama yuko uani anapepeta maharage wakati naandika hapa. Mliozaa na mliopitia haya, niambieni: nikimwendea sasa hivi, nianze na lipi ili lile la pili alisikie?