Pale Lami Ilipokatikia

Mwezi uliopita nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kutoka Rugerero kuelekea mjini Gisenyi, na dereva alikuwa mgeni wa njia zetu. Barabara ilikuwa pana na laini, ina taa na mitaro pande zote mbili, naye akajiachia. Tulipofika Mbugangari akakanyaga breki ghafla hadi kifua changu kikagonga mgongo wake. Lami ilikuwa imekwisha. Haikupungua upana wala haikupinda. Imekwisha tu, kama mkate uliokatwa kwa kisu, na mbele yake kichochoro cha mawe meusi ya volkano na kuku wakiparura.

"Eh! Ni nani alifanya hii kitu?" dereva akauliza.

Nilicheka, rafiki yangu, kwa sababu swali hilo ndilo lililonilea.

Nyumba ya kwanza baada ya lami kukatika ilikuwa ya nyogokuru, ndivyo nilivyomwita bibi yangu. Alikuwa amerudi kutoka Kongo akiwa mtu mzima, na Kiswahili cha huko, na sufuria kubwa ya sombe, majani ya muhogo, na tabia ya kutomwamini yeyote anayecheka kabla ya kusalimia. Maziwa aliyaonja muuzaji akiwa bado amesimama mlangoni. Sambaza, wale dagaa wa ziwani, hakununua mpaka ameinusa ndoo hadi chini. Gunia la makaa lilimwagwa lote uani, maana huenda kuna mawe. "Mutu muzuri hakasirike ukimuchunguza," alisema, na wauzaji kweli walizoea.

Mtu mmoja tu hakumchunguza. Huyo alikuwa jirani yetu, mama aliyevuka mpaka wa Kongo pale Petite Barrière kila asubuhi na beseni la karoti na nyanya kwenda kuuza Goma. Ukuta wa mawe kati ya nyua zetu ulikuwa mfupi, na juu yake kulipita kila kitu: kaa la moto, chumvi, bakuli la sombe linalonukia mawese, hata mimi mwenyewe nilipokuwa bado mdogo wa kubebwa. Jioni wale wawili walisimama kila mmoja upande wake, viwiko juu ya mawe, wakiwasema watu mpaka maharagwe yaungue.

Kisha wakaja watu wenye kifaa cha miguu mitatu. Walichungulia ndani yake kwa jicho moja, wakapigilia vijiti vyenye ncha nyekundu, wakaondoka bila kusema neno. Nyogokuru aliwatazama hadi wakapotea. "Mwenye anapima kwako bila kukusalimia, ujue anakuja kukamata."

Walikamata, lakini si kwetu. Mashine zilikuja zikitokea upande wa Rugerero, nyumba zikatetemeka, nguo zilizoanikwa zikanuka lami wiki nzima. Jiko la jirani lilibomolewa na ua wake wa mbele ukaliwa. Alilipwa haki yake, lakini malipo hayakingi mvua, na mvua ya Gisenyi unaijua. Alipika chini ya hema la plastiki, sufuria ikijaa maji ya mvua. Nasi tukangoja zamu yetu. Siku moja mashine zikazimwa, na hazikuwashwa tena. Lami ilikuwa imefika kwenye ukuta wetu wa mawe, ikasimama.

Hapo maneno yakaanza. Mjomba wangu alifanya kazi katika ofisi moja Kigali, na watu wakakumbuka kwamba alikuja kutusalimia kabla tu ya mashine kunyamaza. Jirani naye aliapa kwamba kijiti cha mwisho alikiona kwanza upande wetu, katikati ya maharagwe ya nyogokuru, na sasa kilikuwa upande wake. Hakuna bakuli lililopita tena juu ya ukuta. Nyogokuru naye akaanza kushuku kwamba jirani anamsema sokoni, akawa ananusa hata chumvi ya nyumbani. Nami nilianza kumtazama nyogokuru mikono, nikijiuliza kama ingeweza kung'oa kijiti.

Alasiri moja mvua ilizima moto wa jirani kwa mara ya pili. Akaja mpaka ukutani, nguo zimemganda mwilini.

"Mukecuru," akasema, yaani bikizee, hakumwita tena mama, "niambie mbele ya Mungu. Kijiti ile ni we uliisogeza?"

"Mi nisogeze kijiti? Na muzimu gani?" Nilidhani nyogokuru atalia. Badala yake akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani. "Twende tumuulize mwenye barabara. We na mi. Akisema ni mi, utavunja jiko yangu na mukono yako."

"Bon. Twende."

Niliwafuata na mwavuli, ambao hakuna aliyeutaka, maana ungewalazimu kukaribiana.

Tulimkuta kapita, msimamizi wa mafundi, ameketi juu ya pipa la lami akila chapati. Alikuwa amekulia Tanzania na Kiswahili chake kilinyooka mno. Aliwasikiliza, akanawa mikono, akatupeleka mpaka ukutani na kufagia udongo kwa kiatu. Chini yake kulikuwa na chuma kilichozamishwa ndani ya saruji.

"Mpaka ni huu, mama zangu. Vile vijiti ni vya kuonyesha tu, hata mbuzi huvisogeza."

Jirani alikitazama kile chuma kwa muda mrefu. Nyogokuru hakumtazama jirani. Alimtazama kapita.

"Na juu ya sababu gani barabara inaishia hapa?"

"Kazi yetu inaishia hapa. Mbele ni kazi ya wengine."

"Wengine nani?"

"Kwa kweli sifahamu, mama." Akatabasamu.

Tukarudi. Mvua ikaanza tena, nikafungua mwavuli, na safari hii wote wawili wakaingia chini yake.

"Umemuamini ule?" jirani akauliza.

"Hata kidogo. Umeona vile anacheka?"

"Nimeona! Iko kitu anaficha."

Jioni ile walipika pamoja jikoni kwetu, wakimchambua kapita kama sambaza, kichwa kando, mifupa kando. Kwa miaka mingi baadaye walisimama ukutani wakitazama magari yakifunga breki, wakitafuta sababu: labda chini kuna moto wa volkano, labda kuna nyumba ya mkubwa ambayo haitakiwi kuonekana. Jibu la kapita hawakulikubali hata siku moja. Leo naona huenda lilikuwa kweli tupu.

Nyogokuru alifia katika nyumba ile. Jirani alihamia Goma kwa binti yake. Nilimlipa dereva nikashuka, nikasimama pale. Ukuta wa mawe umeondolewa, kila nyumba ina ukuta wa matofali mrefu kuliko mtu na geti la chuma. Jicho likatokea kwenye tundu la geti moja.

"Unatafuta nani?"

"Hakuna. Naangalia tu."

Hakuniamini, nilisikia kwenye pumzi yake. Nikangoja amwite jirani yake waje wanishuku vizuri, wawili, kama inavyostahili. Tundu likafungwa, na nyua zote mbili zikabaki kimya.