Ndoo ya Pili ya Maman Riziki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliposimama na nyundo mkononi juu ya shimo la gesi la mwenyeji wangu, nikiwa na uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena.

Nilikuwa nimetoka Morogoro kwenda Rusizi, nchini Rwanda, kuandika tasnifu ya uzamili juu ya gesi itokanayo na samadi. Mtambo niliouchunguza ulikuwa Mururu, kwa Maman Riziki, mjane mwenye ng'ombe mmoja na kifua kibovu. Tangu aache kupikia kuni na kuanza kupikia gesi, kifua kilikuwa kimetulia. Kila asubuhi nilimwuliza, "Umeweka ndoo mbili za samadi?" Naye alijibu, "Ndiyo, mwalimu." Nikaandika: mbili.

Lakini gesi haikukubaliana na daftari langu. Siku moja ilijaa. Siku ya pili hata chai haikuchemka. Nilishuku baridi ya mlimani, kisha mvua, kisha majani aliyokula ng'ombe. Nikashuku kipimo, nikashuku hata macho yangu. (Nilikuwa kijana wa kufikiri mno, na maradhi hayo hayajaniisha.) Hatimaye niliamua kwamba kuba, lile paa la saruji linaloizuia gesi shimoni, lina ufa. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuonya juu ya ufa usiokuwepo.

Nilimwita Mzee Saidi, fundi wa Kamembe aliyeujenga mtambo ule. Kabla hajafika, nilikuwa nimekwisha kuitoa gesi yote na kulitoboa kuba. Akalitazama tundu, akanitazama mimi.

"Ufa iko wapi?"

"Bado nautafuta, mzee."

"Usitafute tena. Njo huu umefanya na nyundo," akasema, kwa njo ya huko iliyo sawa na ndiyo yetu. Akamgeukia mwenyeji. "Maman, mavi ya ngombe inaendaka wapi?"

Maman Riziki akacheka kwa haya. "Ndoo moja ya hapa. Ya pili, siku zingine ninapatiaka jirani. Hana ngombe, na migomba yake inataka kula. Muntu akikuomba mbolea, utamunyima?"

"Mbona uliniambia mbili?" nikauliza.

"Mugeni umevuka mipaka na kalamu yako, kila siku mbili, mbili. Niliona njo inakufurahisha. Nikuambie hapana?"

Mzee Saidi hakunikaripia kwa sauti. "Kijana, weye ulimuletea jibu, ukamuomba atikise kichwa tu."

Tulipokuwa tukiziba tundu na kungoja saruji ikauke, Maman Riziki alipikia kuni, akikohoa. Mimi nilichanganya mchanga na kujiuliza: alinidanganya, au nilijidanganya? Hadi leo sijui kikohozi kile nilipaswa kukiandika katika safu ipi ya jedwali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Mimi nilikuja, mwenyeji akarudi kwenye moshi.

Basi, mwanangu, ukienda ugenini kusomea nguvu za jua, za maji au za samadi, usiulize swali ambalo jibu lake umekwisha kulichagua. Sema, "Nionyeshe," kisha beba ndoo pamoja na mwenyeji uone inakoishia. Na hesabu zikikuchanganya, vumilia kuchanganyikiwa. Kukiri kwamba hujui hakujavunja nyumba ya mtu. Mungu akukinge na mabaya ya njiani, na wale watakaokufungulia mlango awakinge na elimu yako mpaka ikomae. Amina.