Breki Haikushika

Kwenye ghala la kikundi cha akina mama, fundi wa baiskeli walimwita Mara Tatu. Kila kontena la baiskeli za msaada likifika, zote zilipita mikononi mwake kwanza, ndipo vikundi vya mitaa vije kuchukua za watoto wao. Alijaza upepo, akanyoosha rimu, kisha akabana breki na kusukuma, mara tatu kwa kila baiskeli. Mwenyekiti alimtania, "Fundi, kwa mwendo huu watoto watakuja kuzichukua wameota ndevu." Watu walicheka. Yeye hakucheka, nao wakadhani ni ukali wa uzee.

Zamani hakuwa hivyo. Miaka tisa nyuma alikuwa mwepesi wa mikono na wa maneno. Siku moja ya ugawaji, mgeni rasmi amekwisha kukaa, spika zinanguruma, mwenyekiti anamwita kila dakika, "Fundi, maliza basi!" Ilibaki baiskeli moja, ya bluu. Breki ya mbele ilikuja imevunjika, akaiondoa. Nati ya breki ya nyuma akaikaza kwa vidole tu, akisema moyoni atarudi na spana. Hakurudi. Baiskeli ikapewa binti wa miaka kumi, mjukuu wa bibi mmoja aliyefua nguo za watu.

Wiki ya pili yule bibi alifika ghalani akiikokota, gurudumu la mbele limepinda.

"Mwanangu, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Mmetupa kitu kizuri, mjukuu wangu amekiharibu. Kateremka mteremko wa zahanati kama kichaa, kaingia ukutani. Mguu umevunjika."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Eti breki haikushika! Nikamwambia, kitu kimetoka kwa fundi, breki isishike vipi? Ukorofi nitamsamehe, uongo hapana. Nimemchapa hivyo hivyo na plasta yake."

Fundi aliinama. Waya wa breki ulikuwa umechomoka, na nati ilizunguka kwa kidole kimoja. Akafungua mdomo aseme kweli.

"Watoto, Mama," alisema. "Ndivyo walivyo."

Mfupa uliunga vibaya, binti akabaki anachechemea. Lakini mguu ulikuwa nusu tu ya balaa. Bibi alikuwa amewasimulia majirani, na maneno ya mtoto yakageuka mzaha wa mtaa. Mtu akivunja kikombe, "Breki haikushika!" Akichelewa kazini, "Breki haikushika!" Fundi aliyasikia bombani, dukani, kwa kinyozi. Wanawe mwenyewe waliyaleta mezani. Akizungusha gurudumu ghalani, mlio wake ulimwambia yale yale. Mkewe alimshtukia, "Baba watoto, unajibizana na nani?" Akimwona yule binti anatoka shule, kiatu kimoja kimelika upande, alivuka barabara.

Mwaka huu kikundi kimoja kilimtuma msichana kusaini na kupokea baiskeli za watoto wa mtaa wao. Fundi alimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Msichana akasimama kando yake, akamtazama anabana breki, anasukuma, anabana tena.

"Mzee, mbona mara tatu?"

Spana ikamtoka mkononi. Akamweleza yote amesimama: nati, vidole, na siku bibi alipokuja kuomba radhi.

"Nilishaanza kuwaamini mimi mwenyewe," msichana alisema mwishowe. "Nilifika mahali nikasema labda kweli sikubana breki."

"Nisamehe, binti yangu."

"Hayo tutayaongea baadaye. Kwanza twende kwa bibi. Na useme kwa sauti, siku hizi hasikii vizuri."

Bibi alikuwa uani, ameketi katikati ya kamba za nguo mbichi. Fundi alisema, bibi akatega sikio. "Nini?"

"Breki haikushika!" fundi akapaza sauti. Jirani mmoja akaanza kucheka kwa mazoea. "Breki haikushika, Mama! Mtoto alisema kweli. Sikukaza nati, nikaona, nikanyamaza!"

Kicheko kikakatika. Bibi alimtazama fundi, halafu akautazama mkono wake wa kulia, umejaa mikunjo ya sabuni.

"Nilimchapa," alisema. "Analia, anasema kweli, namchapa. Mwanangu, miaka yote hii mimi nilikuwa nalala usingizi wangu. Umeniletea hili sasa, nimebakiza siku ngapi za kulibeba?"

Msichana akachuchumaa, akaushika ule mkono. Bibi akautoa, akauficha chini ya gauni.

Fundi aliaga, hakuitikiwa. Alipofika mlangoni alimsikia msichana akisema polepole, kama anayebembeleza mtoto mchanga, "Yameisha, bibi. Yameisha."

"Kwako wewe," bibi akajibu.