Barua ya Dada kwenye Kamba ya Bure

Barua ya dada yangu niliikuta imeanikwa kwenye kamba kwa vibanio viwili vya nguo, kati ya tangazo la mitumba na barua ya mtu wa Igoma aliyekuwa ng'ambo, akimbembeleza mchumba wake amrudie. Nilikuwa mtu wa mwisho kuisoma, na hilo linanichemsha mpaka leo.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na Mwanza nzima ilikuwa imegeuka duka. Watu walianza kutuuzia hata maji ya chupa, ziwa lote hilo likiwa mbele ya macho yetu. Kisha likafunguliwa duka la intaneti, chumba kimoja chenye mapazia mazito na kompyuta nne. Dada alikuwa India akisomea uuguzi, na barua zake za posta zilichukua mwezi kutufikia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikarudi Igogo kwenye nyumba yetu iliyobanwa na mawe, nikakaa. Nilitengeneza redio za watu pale kibarazani, na kufika mjini kwangu ilikuwa safari ya kuagwa. Mama aliwaambia wageni, "Huyu nilimzaa pamoja na kiti chake."

Kazi yangu nyingine pale nyumbani ilikuwa kumsomea mama barua. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mwenye shule anasoma, wengine wanasikiliza. Nami nilisoma kwa utaratibu wangu. Dada akiandika kwamba chakula kinamtesa, mimi nilisoma kwamba chakula cha huko ni tofauti kidogo. Akiandika kwamba amelia, niliruka mstari. Nilijiona hodari sana.

Pale dukani kulikuwa na huduma mbili, ya kulipia na ya bure, na mtu mwenye akili kama mimi alichagua ya bure. Masharti yalibandikwa ukutani. Sikuyasoma, mimi msomaji wa ukoo. Unaandika ukurasa mmoja tu. Unasubiri wenye kulipia wamalize. Unatumia mashine moja ya kona, iliyokwenda kama mtu anayepanda mawe ya Igogo na gunia la mkaa kichwani. Kubwa zaidi, anwani haikuwa yako. Barua pepe za wateja wote wa bure ziliingia sanduku moja la duka, mhudumu akazichapa kwenye karatasi na kuzianika, kila mmoja aje achume ya kwake.

Siku hizi simu yangu inaniletea matangazo ya VPN ya bure. Njia ya siri, wanasema, hakuna atakayeona unachofungua. Halafu chini, kwa maandishi ya kuumiza macho: kiasi fulani tu kwa mwezi, nchi moja tu, kasi ndogo, na kila unachofungua kinapita mikononi mwao wenyewe. Mimi naona vibanio.

Kwenye barua ile iliyoanikwa, dada aliandika kwamba amepasuliwa tumbo, yuko wodini, bado hajui lini atatoka, na nisimwambie mama kwanza. Barua ilikuwa imening'inia siku nne, kwa sababu siku nne zote nilikuwa nimekaa na kiti changu. Nikaichomoa na kuikunja, na njia nzima nikawa napanga nitakavyosoma: anawasalimu wote, huko mvua zinanyesha.

Nyumbani nikamkuta jirani yetu, mama mmoja wa kwaya, amekaa na mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Poleni na mgonjwa. Tumbo si mchezo."

Mama akaacha kuchambua mchele. "Mgonjwa gani?"

"Si binti yako? Binti yangu kaiona barua mjini. Mimi nilijua mnajua!"

Jirani alipoondoka, mama hakulia. Aliniuliza tu, "Barua ya mwezi uliopita, ulinisomea kwamba mzima."

"Alikuwa mzima, mama."

"Yeye, au wewe msomaji?"

Akasema kesho tunakwenda wote, kwa sababu mtoto wake yuko hospitali ya mbali na yeye hana wa kumwamini hata kwa salamu. Akavaa kitenge cha kanisani. Mimi nikavaa hasira.

"Mnaanika matumbo ya watu!" nilimwambia mhudumu kabla hata ya salamu.

"Kaka, ni ya bure."

"Bure ndiyo nini?"

"Ungelipia, ningeikunja."

Nikaapa kufungua sanduku langu mwenyewe, kwenye huduma moja ya ng'ambo. Nikaandika jina la huduma hiyo kwenye mashine ya kona. Ukaja ukurasa wa duka. Nikaandika tena, duka tena. Mhudumu akacheka.

"Kompyuta haijui majina, inajua namba. Ukiandika jina, inaenda kuuliza kwenye daftari la majina. Hiyo ya kona inauliza daftari letu."

"Kwa hiyo namwuliza njia mtu asiyetaka nifike?"

"Hamia huku kwa wanaolipia, uchague mwenyewe. Kuna daftari la Dar, kuna la ng'ambo."

"Lipi zuri?"

"La Dar lina haraka, ila likizimika limezimika. La ng'ambo halizimiki ovyo, ila linachelewa. Na yeyote utakayemwuliza, atajua unakokwenda."

Hilo ndilo neno la kweli pekee nililolisikia katika duka lile. Nikalipia. Kulikuwa na nafasi mbili za kujaza namba za madaftari hayo, nikaweka ya Dar juu na ya ng'ambo chini, na sanduku likafunguka. Mama akatamka, nikaandika neno kwa neno, akinichungulia begani.

Tukarudi Ijumaa. Mara ya pili mjini, mama na mimi, ndani ya wiki moja; majirani walidhani tumefiwa. Jibu lilikuwepo. Nikasafisha koo.

"Nyamaza," mama alisema.

Akavuta kiti, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza silabi moja moja, kama walivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, mimi bado nikiwa mgongoni.

"Ni-me-to-ka... wo-di-ni." Akapumua. Akarudia kutoka mwanzo, safari hii bila kukwama.

"Kumbe unajua kusoma?"

"Najua, pole pole. Ila wewe ulikuwa unapenda sana kusoma, ng'wanawane, mwanangu wee. Nikakuachia."

Kidole kikashuka mstari wa pili, kikasimama. Akageuka, akanitazama mimi, kisha mhudumu.

"Geukeni huko. Hii ni yangu."

Tukageuka, mimi na yule mwanika barua, bega kwa bega kama wezi wawili. Mbele yetu ilikuwa kamba. Yule wa Igoma bado alikuwa anabembeleza, sasa kwa karatasi mpya. Nikafumba macho.