Bushi za Shokapu ya Nyuma

Mimi baiskeli sizipendi, heri niliseme hilo mapema. Ile ya ndugu yangu mdogo niliichukia kuliko zote, kwa sababu ilimtoa nyumbani kila Jumapili ikampeleka kwenye miteremko ya Ngong na vijana wenzake wenye kofia ngumu, na Jumapili moja haikumrudisha. Wenzake hao ndio walioniletea baiskeli hiyo huku Kabiro, Kawangware, baada ya mazishi. Waliiegemeza ukutani, wakasimama wakiangalia viatu vyao, wakasema pole, wakaondoka. Sikuwakaribisha chai.

Haikuwa baiskeli ya kubebea maziwa. Fremu yake imegawanyika, kipande cha mbele na cha nyuma, na katikati kuna shokapu, ile springi nene inayoshikwa kwa bolti juu na chini. Ndani ya kila tundu la bolti hukaa bushi, kijipete cha chuma kinachoizuia bolti isichezecheze. Sasa bolti ya chini ilikuwa imekatika. Nusu ilibaki ndani ya tundu, nusu nyingine iko huko Ngong kwenye nyasi, na bushi zilipotelea huko huko. Baiskeli ilikuwa imekaa chini kwa matako kama mbwa aliyevunjwa kiuno. Kila nikiiangalia nilijiuliza: ilikatika ndipo akaanguka, ama alianguka ndipo ikakatika? Hakuna aliyeona. Wenzake walikuwa wametangulia.

Ningeipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu kama si mama. Mama yuko nyumbani, Magharibi. Alinipigia simu akasema mwanawe anakuja kila alfajiri, anasimama mlangoni, haingii, anauliza baiskeli yake iko wapi. Kwetu vitu vya marehemu hugawanywa mbele ya watu ndipo naye aachiliwe aende zake, na katika ukoo wetu kitu kibovu hakigawanywi, maana mwenyewe atarudi kukimalizia. Mjomba alishasema: ije ikitembea kwa magurudumu yake, binamu yetu aipande, aizungushe uani watu wakiona, yaishe. Mpaka hapo mama halali wala hali. Sauti yake kwenye simu ilikuwa imekonda. Niliogopa nitamzika na yeye.

Na mimi, nisijifanye jasiri, sikuwa sawa. Ninaishi chumba kimoja. Nikijigeuza kitandani naugusa usukani. Nikitoka kazini, kabla sijafungua kufuli, nilikuwa nasikia gurudumu la nyuma likizunguka humo ndani polepole, tiki tiki tiki, vile ndugu yangu alivyozoea kulizungusha kwa kidole tukiongea. Nikifungua mlango, limetulia. Siku moja nilishikwa na hasira nikaliambia liseme linachotaka ama linyamaze kabisa. Mama jirani, Mkamba wa Kitui, mtu wa maneno mengi na vicheko, akanisikia. Tangu siku hiyo akaacha kuanika nguo upande wangu, na akipita mlangoni pangu anapita kimya.

Basi nikaanza kutafuta. Nilianzia kwa mafundi wa kituo cha matatu cha 46. Wa kwanza aliiinua kwa mkono mmoja, akacheka, akasema buda, hii ni ya wazungu, hata usijisumbue. Wa pili akaleta bushi za boda boda. Ziliingia tunduni zikapwaya. Wa tatu hakutaka hata kupima. Alitaka kuchomelea chuma mahali pa shokapu, nyuma na mbele vishikane, tuachane na mambo ya springi. Hiyo ndiyo dawa yetu ya kila kitu: kikicheza, kichomelee. Geti, kitanda, meza ya nyama choma, vyote vimechomelewa. Nikamweleza kwamba fremu ni alumini. Akasema basi atachomelea polepole. Nilimnyang'anya baiskeli nikaenda zangu.

Nilijaribu pia duka moja la baiskeli za bei, lenye vioo. Kijana wa kaunta akaniuliza modeli ni gani na ya mwaka gani, kwa sababu bushi hizo hazifanani, kila shokapu ina zake. Nikasema sijui, mwenyewe hayupo. Akasema kwa upole kwamba mwenyewe akipatikana apite. Hakuwa na kosa, lakini nilitoka haraka maana ningemzaba kofi.

Ni fundi mmoja wa boda boda aliyeniambia kuhusu mzee wa Kibera, upande wa Nyayo Highrise, mwenye mashine ya kukereza vyuma. Alisema mzee huyo akikosa spea anaitengeneza mwenyewe. Kazi yangu mimi ni kutengeneza viti, kwa hiyo nilikata kipande cha mbao nikakigongomea mahali pa shokapu, nikakifunga na vipande vya tyubu kuukuu ili baiskeli isimame. Kulikuwa na manyunyu asubuhi hiyo. Nikavaa koti la mvua lililokuwa limetundikwa msumarini, la ndugu yangu, kwa sababu langu lilikuwa limechanika. Nikaisukuma kutoka Kawangware mpaka Kibera, nikiinung'unikia njia nzima.

Kibanda cha mzee ni cha mabati, mashine imejaza nusu yake. Macho yake mekundu, yamechoka kwa miaka ya cheche. Hakuniangalia usoni kwanza. Aliangalia baiskeli, akazima mashine, ndipo akainua kichwa.

"Wewe ulipotelea wapi?" akasema. "Nimekungoja mpaka nikachoka."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba amenifananisha. Watu wamekuwa wakitufananisha tangu utotoni, tumetoka na sura moja, ya baba. Lakini alishanipa mgongo. Alivuta mkebe chini ya meza, akatoa kifurushi cha karatasi kilicholowa grisi, akakifungua mbele yangu. Bolti mpya. Bushi za shaba. Vijipete viwili vya pembeni vinavyong'aa. Vyote vimekerezwa kwa kipimo cha baiskeli ile niliyoishika, na ile karatasi ilikuwa tayari imeshika vumbi.

Nilizunguka kote nikitafuta vile vitu, kumbe ndugu yangu mwenyewe alishaviagiza, na vimekaa hapa vikimngoja.

Mzee aliendelea kulalamika huku akikata vipande vyangu vya tyubu. Alisema shaba ndiyo iliyochelewa, siyo yeye. Alisema aliniomba niiache baiskeli pale nikakataa, eti Jumapili yangu haikosi, Jumapili yangu haikosi. Ndipo akaniwekea ile bolti ya pikipiki, akaichonga kidogo ikaingia, ya kunifikisha nyumbani tu. Siyo ya mlima. Alirudia hilo mara nyingi, akiwa ameinama, kama mtu anayejitetea mahali ambapo hajashtakiwa.

Nilishika meza. Swali langu lilikuwa limejibiwa, na jibu lake lilikuwa na mikono, limekaa mbele yangu likitafuta nyundo. Sitadanganya, nilitaka kumkaba. Nilitaka aone ile picha iliyosimama juu ya jeneza.

Akaweka pini kwenye tundu, akagonga, nusu ya bolti ikaanguka kwenye kiganja chake. Aliisogeza karibu na jicho moja, halafu lingine. Akaigeuza upande uliokatika.

"Ilikukatikia wapi?"

Ukweli ulikuwa umefika kwenye meno. Hatimaye nilikuwa nimepata mtu wa kumtolea hasira yangu. Lakini yule mzee alikuwa amekishika kile kipande kwa vidole vyote na hapumui, na nikaona kwamba swali lililokuwa likininyima usingizi mimi lilikuwa likimnyima na yeye. Tofauti ni kwamba kwake bado kulikuwa na nafasi ya jibu zuri.

"Getini kwa ploti," nikasema. "Nikiingia."

Akaketi juu ya debe lake. Alifuta uso kwa mkono wa shati, grisi ikampaka shavuni. "Mungu ni mwema," akasema. "Tangu uondoke na hii kitu hapa, kijana wangu, sijatulia."

Nilisimama pale ndani ya koti la marehemu nikiitikia. Akaniambia nimekonda, nikasema ni kazi. Akaniuliza kama bado naishi na kaka yangu yule mkali wa viti, nikasema bado. Alizitia bushi kwa kuzigonga taratibu na kipande cha mbao, akapitisha bolti, akakaza, akaikalia baiskeli mwenyewe na kuidundisha. Ilishuka ikapanda bila sauti. Malipo alikataa, alisema nilishamlipa zamani.

Baiskeli nikaipeleka nyumbani juu ya basi. Mambo yakaenda kama mjomba alivyotaka: watu wakakaa, vitu vikatajwa kimoja kimoja, binamu akaipanda akaizunguka nyumba ya mama, wanawake wakalia kidogo, wakanyamaza. Mama alilala kutoka saa hiyo mpaka jua la kesho yake likawa juu. Aliamka akaomba uji. Nilikaa naye mpaka akaumaliza, na nilipoondoka alikuwa ameshaanza kuwagombeza watu kuhusu kuku. Chumbani kwangu nako kumenyamaza. Jirani ameanza tena kuanika nguo.

Ilipaswa kuishia hapo. Lakini nina mteja Highrise, nilimpelekea stuli, na kurudi nikapita njia ya kile kibanda. Mzee akainua mkono kutoka mbali. Sikuwa na kazi naye. Nilisimama tu aniangalie. Sasa napita hata nisipokuwa na mteja, na kabla sijatoka Kabiro nalitoa lile koti msumarini, mvua iwepo isiwepo. Ni mahali pamoja tu Nairobi nzima ambapo ndugu yangu akitokea mtu anafurahi na kumsogezea kiti. Najua si sawa. Tulimwachilia mbele ya watu, nami naenda kumrudisha.

Juzi mzee aliniuliza mbona siku hizi simwoni na baiskeli. Nikasema niliipeleka mashambani, nikampa binamu, mimi natembea kwa miguu.

Akafikiri kidogo, akacheka, akanipiga begani kwa mkono wake wa grisi.

"Umefanya vizuri," akasema. "Wewe sasa utazeeka kama mimi."

Nikamwambia asante, mzee.