Nilimjibia Kaka

Kaka yangu hasikii tangu utotoni. Alikuwa fundi cherehani hapa Mchombe. Nusu ya sare za shule unazoziona barabarani alizishona yeye. Lugha ya alama hakufundishwa popote. Tulijitungia ya kwetu, mimi na yeye, tukiwa wadogo, na watu wakazoea kusema naye kupitia kwangu.

Mafuriko yalipoingia tulikimbilia shuleni. Nyumba yake ya matofali mabichi iliangukia cherehani, maji yakapita juu.

Baada ya siku kadhaa wakaja watu wa misaada na daftari la walemavu. Binti mmoja mpole akamwinamia kaka, kisha akanigeukia mimi.

"Shikamoo mama. Huyu anahitaji nini hasa?"

"Marahaba mwanangu. Godoro. Na chandarua."

Kaka akanivuta kanga. Alikuwa ameona midomo yetu ikienda, akataka kujua. Mgongoni nilikuwa na mtoto mwenye homa, na foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Nikamwonyesha kiganja: subiri. Binti akachukua kidole gumba cha kaka, akakigandamiza kwenye wino, wakaenda kwa mwingine.

Godoro lilikuja, zuri tu. Siku hiyohiyo fundi viatu mmoja wa kijiji cha Mbingu, asiyetembea, alipewa vifaa vyake vya kazi, vipya. Kaka alivitazama sana. Kisha akanionyesha: mguu unakanyaga, mikono inasukuma kitambaa. Akaninyooshea kidole kifuani.

Nilikwenda ofisini kwa wale watu wa misaada kesho yake.

"Orodha imeshafungwa, mama," karani alisema. "Na hapa ameomba godoro."

"Hakuomba yeye. Nilisema mimi."

Alinionea huruma, lakini hakuwa na la kufanya.

Cherehani tuliifukua kwenye tope, haizunguki. Siku hizi kaka anavuna mpunga kwenye mashamba ya watu. Hajanigombeza hata mara moja. Akipata mchele ananiletea. Ila akiwa na jambo la kusema na watu, hupita mlangoni kwangu akaenda kwa jirani, mama wa Kisukuma aliyehamia juzijuzi, ambaye alama zetu hajui hata robo. Nawaona kutoka jikoni. Yule mama anakosea, anacheka, anamwuliza tena. Na kaka anarudia, polepole, mpaka aeleweke.